Jaa Limejaa

Siku ya nne programu ilikuwa ikimuuliza nenosiri,
naye akiipa, nayo ikiuliza tena,
kama bawabu aliyelewa.
"Naandika sawasawa," Taisto Kemppainen aliniambia kwa simu,
"herufi kwa herufi, kidole kimoja. Hainiamini."

Kajaani, Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nilichomeka waya wa gari ukutani injini isigande,
nikakung'uta theluji, nikavua viatu.
Fundi mstaafu wa vinanda vya kanisani:
mezani uma wa sauti, miwani jozi mbili,
mkate mweusi ulioliwa nusu juu ya kipanya.

Nilianza na mepesi, ndivyo nilivyofunzwa.
Kebo ipo. Modemu inakonyeza kijani.
Nenosiri sahihi. Saa ya kompyuta haijapotea.
Nikabonyeza Pokea. Duara likazunguka,
likazunguka,
kisha maandishi mekundu, madogo, yasiyo na adabu:
Nafasi imekwisha. Asilimia mia moja.

Kumbe si nenosiri. Seva ilikuwa imeelemewa,
na aliyeelemewa hutaja kosa lolote lililo karibu.

Tukafungua. Ee, tukafungua!
Mikutano ya chama cha wawindaji, miaka kumi na tisa,
kila mkutano na picha ishirini za wanaume walewale.
Bei ya jiko la sauna alilokataa kulinunua mwaka 2009.
Kinanda cha Sotkamo, bomba mojamoja,
kila bomba megabaiti kumi na mbili za sauti,
na swali la mchungaji chini yake: "Na hili?"
Haba na haba, kibaba kikajaa,
na haba iliyofuata ikarudishwa mlangoni.
Akiba haiozi, sawa.
Ila huvimba.

Kisha nikaliona jaa.
Folda ya Takataka: barua elfu kumi na moja, mia nne themanini na mbili.
Jaa limejaa, na jaa nalo huhesabiwa;
ulichokitupa bado unakilipia pango.
Nikasogeza kishale hadi Safisha Yote
kwa furaha ya daktari aliyelipata jino.

Mkono wake ukatua juu ya wangu, mkavu, mzito.
"Hapo usiguse. Hapo ndipo ninapoweka vitu."
"Vitu gani?"
"Vya maana."

Kitufe kimoja, akaeleza, kile cha kulia, juu.
Akikibonyeza, barua inaondoka usoni pake
inakwenda mahali. Akiitaka, anaikuta.
Hakuna aliyemwambia mahali hapo panaitwaje.
"Pameandikwa," nikasema.
"Kwa herufi ndogo," akasema.

Miaka kumi na saba naifanya kazi hii.
Nimemwaga majaa mangapi
bila kubisha hodi?

Ikawa diski ya nje, na kahawa, na saa tatu.
Mabomba ya Sotkamo aliyasikiliza yote kabla ya kuyaacha,
akifumba jicho moja: hili limepona, futa; hili bado.
Na kufuta peke yake hakutoshi:
barua ikiondoka, programu huacha shimo lake wazi
mpaka uiamuru ijibane.
Ikajibana. Tisini na nane. Sabini. Arobaini na moja.
Nikamtengenezea folda mpya, nikaiita Vya Maana,
kwa herufi kubwa.

Giza lilikuwa limeshika dirisha
zilipoanza kuingia zilizokuwa zikingoja nje.
Ya kwanza ilitoka kwa kampuni: onyo,
sanduku lako linakaribia kujaa.
Ya pili kwa Venla, mjukuu, yuko Turku:
"Babu, barua zangu mbona zinanirudia?
Umenikasirikia?"

Aliisoma mara mbili. Akabadili miwani, akaisoma tena.
Akamjibu kwa maneno manne, dakika sita.
Halafu, kabla sijafungua mdomo,
akanyoosha kidole chake kimoja
kwa upole, kama anayegusa bomba lililokwisha kupona:
kile cha kulia,
juu.